Kabla ya Kununua Mfuko wa Mbolea

Juma hili tunayaweka kando mapishi tuliyokuwa tumeyaandaa, kwa kuwa barua ya mama mmoja wa Mtwara, mke wa askari polisi, haiwezi kungoja. Shemeji yake, yaani kaka mkubwa wa mumewe, amerejea shambani kwake karibu na Palma, ng'ambo ya Mto Ruvuma, baada ya miaka mitatu ya kuishi ugenini kwa sababu ya vita. Amekuta mikorosho imezongwa na vichaka, konde la mihogo limegeuka pori, na bonde la mpunga lililowalisha wazee wake lina weupe juu ya ardhi ambao haukuwapo zamani. Ameomba apelekewe fedha za mifuko miwili ya mbolea. Kijana wa jirani, mwenye simu ya kisasa, amemwambia asihangaike kumtafuta Bwana Shamba, maana simu itamwamulia kila kitu. Naye mama huyu anauliza: "Fedha tulizonazo ni za karo ya mtoto. Je, tuzipeleke?"

Jibu letu ni kwamba zisipelekwe bado. Sababu zake tutazieleza kwa kirefu, kwani tunajua zipo nyumba nyingi za wapiganaji na polisi wetu zenye jamaa upande ule wa mto, na swali hili si la nyumba moja. Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 2017 hadi uvamizi wa mji wa Palma wa Machi 2021, mamia ya maelfu ya watu wa Cabo Delgado walihama makwao. Baadhi ya wasomaji wetu waliiona hali hiyo kwa macho yao walipokuwa katika kikosi cha nchi za SADC, kilichokuwa huko kuanzia Julai 2021 hadi Julai 2024. Watu wengi wamerejea, na wengine wamelazimika kuhama tena. Mkulima aliyekwisha kupoteza misimu kadhaa hana akiba ya kumwezesha kupoteza mwingine kwa mfuko uliomwagwa mahali pasipostahili.

Udongo wa pwani ile si wa namna moja. Juu ya nyanda za karibu na bahari kuna mchanga mwepesi kulima, unaopitisha maji kama chekeche. Visiwani, na kando ya bahari, upo udongo mwembamba uliokaa juu ya matumbawe, wenye chokaa tele. Mabondeni kuna mfinyanzi mzito, unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata miguuni wakati wa mvua. Na karibu na mikoko kuna tope lenye chumvi. Mtu mmoja aweza kuwa na vipande vya namna tatu kati ya hizo, na asitembee hata nusu saa kutoka kimoja hadi kingine. Kila udongo una ubaya wake, na dawa ya ubaya mmoja yaweza kuwa madhara kwa mwingine. Chokaa huuponya udongo wenye tindikali nyingi, lakini ukiitia katika udongo wa matumbawe utaongeza kile ambacho tayari kimezidi, na mimea itazidi kuwa ya manjano kwa kukosa madini ya chuma. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni; ukimwagwa wote kwa mara moja juu ya mchanga, mvua moja kubwa yaweza kuishusha sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo chini ya mizizi, isirudi tena. Na katika bonde lenye chumvi, mbolea yenyewe ni chumvi nyingine inayoongezwa juu ya ile iliyokwisha kuushinda mpunga.

Kwa ajili hiyo wataalamu wamebuni kile wanachokiita zana za kusaidia uamuzi. Jina ni kubwa kuliko kitu chenyewe. Zana hiyo yaweza kuwa jedwali lililochapwa katika karatasi moja, kadi ya rangi, kichupa cha dawa ya kupimia, au programu ya simu. Kazi yake ni kumwuliza mkulima maswali machache kwa utaratibu, kisha kumwonyesha lipi lifanywe na lipi liachwe. Wanajeshi wataielewa upesi, maana inafanana na taarifa ya doria: kamanda huamua vizuri au vibaya kwa kadiri ya ukweli wa taarifa aliyoletewa. Programu ya simu ikiambiwa kwamba shamba ni tifutifu, ilhali ni mchanga mtupu, itatoa hesabu iliyonyooka kabisa ya shamba ambalo halipo.

Basi kazi ya kwanza ni kuujua udongo, na kazi hiyo haihitaji simu. Twaa udongo wenye unyevu kidogo, uufinye kati ya kidole gumba na cha shahada, ujaribu kuunyoosha kama utepe. Ukimomonyoka wala usishikane, huo ni mchanga. Ukitoa utepe mfupi unaokatika, ni tifutifu. Ukitoa utepe mrefu wa sentimeta tano au zaidi bila kukatika, ni mfinyanzi. Anayetaka uhakika zaidi ajaze udongo theluthi moja ya chupa ya kioo, atie maji hadi karibu na mdomo, atikise kwa nguvu, kisha aiweke mezani asiiguse. Mchanga hutua katika dakika ya kwanza, chembe za kati huchukua saa kadhaa, na mfinyanzi huyaacha maji yakiwa na ukungu siku nzima au hata zaidi. Unene wa matabaka hayo utamweleza mengi. Watoto hupenda sana kazi hii, nasi twashauri waachiwe waifanye.

Lipo jaribio jingine, dogo zaidi, ambalo twalipenda kuliko yote kwa sababu hutoa jibu ambalo jicho peke yake haliwezi kulitoa. Okota kibonge kikavu cha udongo, ukubwa wa punje ya karanga, ukitumbukize polepole katika glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Ngoja saa chache. Kibonge kikibomoka lakini maji yakabaki maangavu, udongo huo umepungukiwa na mboji, na dawa yake ni samadi na majani yaliyooza. Lakini ukiona ukungu kama maziwa ukitoka katika kibonge na kutambaa majini, jua kwamba magadi yamezidi. Udongo wa namna hiyo hujifunga, maji hayapenyi, na unahitaji jasi pamoja na samadi. Mwanasayansi Emerson wa Australia alilieleza jaribio hili mwaka 1967. Maji yawe ya mvua kweli. Ya kisima cha pwani huwa na chumvi, na chumvi huuficha ukungu huo.

Jaribio hilo lina maana kubwa kwa lile bonde lenye weupe. Weupe huo waweza kuwa chumvi ya kawaida ya bahari, iliyoingia kwa kuwa matuta ya kuzuia maji yalibomoka wakati watu hawapo. Ikiwa ni hivyo, dawa ya kwanza ni jembe: kuyarudishia matuta, kuyakinga maji ya mvua yakae shambani, na kuyafungulia yatoke na chumvi yake, mara kadhaa, kabla ya kupanda. Jasi isinunuliwe kwa kazi hii kama ukungu haukuonekana katika glasi. Wataalamu hupima chumvi kwa kuangalia jinsi maji ya udongo yanavyopitisha umeme. Kipimo kikifika 4 udongo huitwa wa chumvi, na mpunga huanza kupunguza mazao hata kikifika 3 tu. Kifaa chenyewe ni kidogo, hutoshea mfukoni, na chama cha ushirika chaweza kununua kimoja kwa ajili ya kijiji kizima.

Mtu akiisha kupata majibu hayo, ayaandike. Mwaka 1975 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, wakiwamo Buol na Sanchez, walitoa njia ya kuuandika udongo kwa herufi, kila herufi ikitaja shida moja ya kilimo. Herufi kubwa ya kwanza ni ya aina ya udongo: S kwa mchanga, L kwa tifutifu, C kwa mfinyanzi. Herufi ndogo zinazofuata ni za shida zake: g kwa udongo unaotuamisha maji, s kwa chumvi, n kwa magadi, v kwa mfinyanzi unaopasuka, a kwa sumu ya alumini itokanayo na tindikali, e kwa udongo usioweza kushika chakula cha mimea. Konde la mihogo la ndugu yetu huenda likaandikwa Se, na bonde lake Cgs. Mtu yeyote mwenye ujuzi, awe Nampula, Mtwara au Maputo, akisomewa herufi hizo kwa simu ya kawaida ataelewa shida ni nini kabla ya kuuliza swali la pili. Sisi twaona hiyo ndiyo zana bora kwa mtu aliye mbali na Bwana Shamba, nayo gharama yake ni karatasi na kalamu.

Sasa tuje kwenye simu ya yule kijana. Hatuidharau. Taasisi ya utafiti ya IITA, yenye makao yake Ibadan, Nijeria, pamoja na washirika wake, ilitengeneza katika miaka ya 2010 huduma iitwayo AKILIMO kwa ajili ya wakulima wa mihogo wa Nijeria na Tanzania. Humwuliza mkulima shamba liko wapi, atapanda lini, mbolea inauzwa bei gani, mihogo itauzwa bei gani, na ana fedha kiasi gani za kutumia. Asiyejua kupima mavuno yake huonyeshwa picha, achague inayofanana na shamba lake. Kisha huambiwa aina na kiasi cha mbolea kitakachomlipa, na mara nyingine huambiwa asinunue kabisa, kwa sababu hatapata faida. Mshauri anayeweza kumwambia mnunuzi asinunue anastahili kusikilizwa. Zimetengenezwa pia karatasi zenye ushauri uleule kwa asiye na simu.

Hata hivyo huduma hiyo ilijaribiwa katika mashamba ya nchi zile, na anayeitumia upande wa Palma anaazima hesabu ya jirani. Zaidi ya hayo, inazungumzia mbolea na majira, haimtibu mgonjwa. Mihogo ya kaskazini mwa Msumbiji imesumbuliwa kwa muda mrefu na ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao huozesha mizizi ardhini wakati majani bado yanaonekana mazuri. Mkulima akichimba mzizi akaukuta una mabaka ya kahawia ndani, udongo hauna hatia, na mbolea haitafanya kitu. Fedha zitafutiwe mbegu safi.

Ipo pia ramani ya udongo ya bara zima la Afrika, iitwayo iSDAsoil, ambayo mtu huweza kuitazama bure katika intaneti. Imegawanya ardhi katika miraba ya mita 30 kwa 30, na kwa kila mraba inakadiria tindikali, mfinyanzi, naitrojeni na mengineyo. Ni kazi kubwa ya kusifiwa. Lakini kilichoandikwa humo ni makadirio yaliyokokotolewa kwa picha za setilaiti na sampuli zilizochukuliwa hapa na pale, wala si kipimo cha kila shamba. Yafaa kumwonyesha mtu mwelekeo wa eneo lake. Anayeitumia kuamua wapi amwage mfuko wake anaitaka kazi isiyo yake.

Kwamba uamuzi mzuri wa leo waweza kuzaa shida ya kesho katika mchanga wa pwani, watu wa Mtwara wanalijua kuliko wengi. Korosho za Tanzania zilishuka kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87, na mojawapo ya sababu ilikuwa ugonjwa wa ubwiri unga. Dawa iliyookoa mikorosho ilikuwa vumbi la salfa. Ilifaa kweli, mazao yakapanda, wala hatusemi kwamba watu walikosea kuitumia. Lakini salfa inayoanguka chini hugeuka tindikali, na kila kilo moja yake huhitaji kilo tatu hivi za chokaa ili nguvu yake izimwe. Mfinyanzi huweza kustahimili jambo hilo kwa miaka mingi. Mchanga hauna akiba ya kujikinga. Watafiti wa Naliendele wakishirikiana na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walilichunguza jambo hili na kuchapisha matokeo mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakaonya kuhusu udongo wa mikorosho kuzidi kuwa na tindikali. Mwenye mikorosho mizee, upande wowote wa Ruvuma, aliyepulizia salfa miaka mingi, na apime tindikali ya udongo chini ya miti kabla ya kupanda mahindi au kunde hapo. Karatasi za kupimia hubadilika rangi zikigusa maji ya udongo. Namba ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuzidhuru mizizi ya mimea mingi. Mihogo huvumilia zaidi. Na isisahauliwe kwamba 5 ina tindikali mara kumi kuliko 6, maana wengi hudhani tofauti hiyo ni ndogo.

Kuna jambo moja ambalo zana njema humwambia mtu asilifanye kabisa, nalo ni kukausha tope la mikoko ili apate shamba jipya. Tope jeusi lenye harufu ya yai viza laweza kuwa na madini ya salfa yaliyolala salama chini ya maji. Likikauka na kupata hewa, madini hayo hugeuka tindikali kali, namba ikashuka hata chini ya 4, na hapo haoti mpunga wala samaki haishi katika mfereji. Jaribio lake ni subira: pima tope likiwa bichi, liweke mahali pa hewa likiwa na unyevu kwa muda wa majuma kadhaa, kisha pima tena. Namba ikianguka sana, iacheni mikoko isimame. Watu wa Cabo Delgado waliona tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipopiga, jinsi bahari inavyoweza kupanda nchi kavu.

Lipo swali ambalo hatujaliona likiulizwa ipasavyo na zana yoyote kati ya hizi, nalo kwetu ndilo zito kuliko yote: je, shamba hili utalilima kwa miaka mingapi? Chokaa na samadi hulipa polepole, katika misimu miwili au mitatu; mkorosho hulipa baada ya hapo. Kwa sheria ya ardhi ya Msumbiji ya mwaka 1997, ardhi ni mali ya Serikali, na mtu hupata haki ya kuitumia kwa desturi za jamii yake, au kwa kukaa juu yake kwa nia njema muda usiopungua miaka 10. Aliyerejea kwenye konde la wazee wake, likitambuliwa na majirani, aweza kuweka samadi leo akitumaini mwaka wa tatu. Lakini mkimbizi aliyeazimwa kipande cha ardhi kando ya kambi, au wanakijiji wa rasi ya Afungi waliohamishiwa Quitunda kwa ajili ya mradi wa gesi na kugawiwa mashamba wasiyoyazoea, hawawezi kupewa ushauri uleule kwa sababu tu herufi za udongo zimefanana. Anayelima kwa kuazima apande kunde na mbaazi, akusanye majani, atie mbolea kidogo kidogo kwenye shina na kwa awamu, wala asinunue chokaa ya kumtajirisha mwenye shamba.

Kwa hiyo, mama, mwulizeni shemeji mambo haya kwanza: herufi za vipande vyake vitatu, hali ya mizizi ya mihogo akiichimba, ukungu katika glasi, na kama kaya za jirani zinamtambua kuwa mwenye konde. Yote hayo ni kazi ya majuma machache, na yafaa yamalizike kabla ya mvua, ambazo pwani ile aghalabu huanza kushika mwezi wa Desemba. Huenda mkagundua kwamba mfuko mmoja watosha, au kwamba anachohitaji ni vibarua wa kuyarudishia matuta na mbegu safi za mihogo. Dhana yetu ni hiyo ya mwisho, kwa maelezo mliyotupa, ila udongo wenyewe ndio utakaosema.

Akitaka kupeleka sampuli maabara, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Msumbiji, IIAM, ndiyo ya kuendewa kwa upande wake. Udongo usivushwe mpaka kwa mfuko wa rambo bila kibali, hata kama Naliendele iko karibu zaidi. Achukue udongo mahali 15 au 20 katika kipande kimoja, kina cha sentimeta 20, auchanganye, aukaushe kivulini, kisha atenge nusu kilo na kuandika jina la kipande. Vipande tofauti visichanganywe. Kabla ya kuchimba katika shamba lililokuwa pori tangu vita, awaulize wakuu wa kijiji na vikosi vilivyo karibu kama eneo hilo limekaguliwa. Wasomaji wetu wanajeshi wanajua kwa nini. Na ndoo atakayotumia isiwe ile iliyowahi kubeba mbolea, kwani konzi moja ya mabaki yake yatosha kuyaharibu majibu yote.